Kichuguu Kiko Wapi?

Baba yangu alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Nzilo miaka 32, na tangu nimjue sijamsikia akisema filamu fulani ni nzuri au ni mbaya. Husema "wanajua" au "hawajui," basi. Ukimwuliza wanajua nini, atakutazama kama mtu aliyeuliza maji yana kazi gani mtoni. Nilichelewa sana kumwelewa, nami ndiye mwalimu ndani ya ukoo.

Nafundisha sekondari Kolwezi. Kila niendapo Nzilo mwisho wa juma hubeba sukari, sabuni ya Mama, na flashi niliyojaziwa filamu na vijana wa simu pale mjini. Vijana hao hawakuulizi unapenda nini, wanakuuliza una giga ngapi. Ndiyo maana katika flashi moja utakuta vita, mapenzi, mizimu, katuni za watoto, na mahubiri ya mchungaji mmoja ambaye hakuna ajuaye aliingia kwa mlango upi. Tunaziangalia zote kama zilivyopangana, mradi betri ya sola inakubali. Watu wa mbali hudhani anayelala kando ya bwawa la umeme hajui giza. Bwawa lipo, limeukaba Lualaba tangu 1952, lina mitambo minne ya megawati 27 kila mmoja, na liliitwa Delcommune mpaka enzi ya Mobutu ilipofuta majina ya kizungu. Nyaya nene zinatoka pale kwenda migodini. Zinapita juu ya mabati yetu zikivuma, na sisi chini yake tunahesabu asilimia za betri.

Sasa nirudi kwa Baba. Siku moja kwenye flashi ilikuwemo La Légion saute sur Kolwezi, filamu ya Raoul Coutard iliyotoka 1980. Coutard ni yule Mfaransa aliyemshikia Godard kamera miaka mingi kabla ya kuongoza filamu zake mwenyewe. Hadithi ya filamu hiyo ni ya Mei 1978: tarehe 13 wapiganaji wa FNLC, waliokuwa na ngome zao Angola, waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Lejioni ya Ufaransa wakaanza kushuka kutoka angani. Katikati ya tarehe hizo mbili, na baada yake, waliuawa watu kwa mamia, Wakongo na Wazungu. Baba wakati huo alikuwa na miaka 16, akiishi Manika. Mambo hayo alikuwa hajatusimulia hata siku moja. Nikajiambia: leo atalia, au atatoka nje. Nikakaa karibu na mlango kabisa, niwe tayari.

Hakulia. Alikunja mikono, akaangalia risasi, majengo, mabibi wa kizungu wakipiga kelele, nahodha akitoa amri. Baada ya nusu saa hivi akauliza:

"Kichuguu kiko wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni uzee. Lakini yeyote aliyewahi kuingia Kolwezi kwa barabara ya Likasi anajua Baba aliuliza nini. Vichuguu vya kwetu si vile vya kuruka kwa mguu mmoja. Vingine vinazidi nyumba kwa urefu, vina miti yake kichwani, watoto wanaviteleza kwa vipande vya plastiki, na mafundi wanavichimba udongo wa tofali. Ukijenga nyumba unakizunguka, au unakila kidogokidogo mwaka hadi mwaka kikageuka kuta zako. Filamu ile ilipigwa Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, kwenye msitu mbichi wenye unyevu. Kwetu mwezi wa Mei mvua zimeshakatika, nyasi zimeanza kugeuka rangi, na alfajiri pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Hata bila kusoma majina ya mwisho ungejua kwamba hapa si kwetu.

Nikamwambia, "Baba, walipiga picha nchi nyingine." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa analijua. Halafu, huku Lejioni ikiendelea kuruka kwenye kioo, akaanza kusimulia.

Walikuwa wametumwa maji, yeye na wadogo zake wawili, kila mtu na bido lake. Risasi zikaanza mahali wasipopaona. Wakajitupa nyuma ya kichuguu. Alimlaza mdogo wa mwisho chini kabisa, akamkalia miguu ili asikimbie, na shavu lake mwenyewe akaligandamiza kwenye udongo. Risasi moja ikapiga juu ya kichuguu, ikakibomoa sehemu ukubwa wa sahani. Mchwa wakatoka. "Hawakungoja ituliye," alisema. Waliingia, wakatoka, kila mmoja na punje yake ya udongo mbichi, wakaanza kuziba. Hakumbuki walikaa pale muda gani. Anakumbuka tu kwamba walipoondoka tundu lilikuwa limebaki ukubwa wa kikombe cha chai.

Mama alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo, baada ya watoto sita na miaka yote ile ya ndoa. Aliinuka akaenda kuangalia moto wa bukari ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Tangu usiku ule nikaanza kuangalia filamu kwa jicho la Baba, na nakiri kwamba filamu nyingi zimeniharibikia. Kila mahali natafuta kichuguu. Dark of the Sun ya 1968, yenye mamluki wa Kongo na treni lao: Jamaika. The Siege of Jadotville ya 2016, ile ya askari wa Ireland waliozingirwa Likasi Septemba 1961, wakati Likasi bado ikiitwa Jadotville: Afrika Kusini. Hii ya pili nimeipenda kwa vita vyake, maana imepangwa vizuri na unaelewa nani yuko upande gani, jambo ambalo Katanga ya 1961 haikuwapa watu wake. Lakini Likasi yenyewe haimo. Hata Lumumba ya Raoul Peck ya mwaka 2000, filamu ninayoiheshimu, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Peck namsamehe, nchi yetu wakati huo ilikuwa vitani. Hata hivyo, ile saa ya usiku wa Januari 17, 1961, pale Lumumba anaposimamishwa mbele ya mti, mimi nilijikuta natazama ule mti. Nikajionea aibu. Mtu anauawa nawe unakagua majani!

Wapwa zangu wao walinishinda hoja kwa Black Panther. Waliiangalia mara nne, hata mikono wakajifunza kuikunja kifuani. Nikawaambia: nchi ina madini ambayo dunia nzima inayatamani, tumeonyeshwa treni linalopita kasi katikati ya mgodi, tumeonyeshwa maabara inayong'aa, je, nani kati yenu ameona mtu akitoka shimoni na vumbi kwenye kope? Nani ameona sepetu? Mpwa wangu wa miaka tisa akanijibu bila kugeuka: "Mjomba, ndiyo maana ni nzuri." Filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, na mtoto wa Lualaba ambaye binamu zake wanaosha kobalti mtoni amenieleza sababu kwa maneno manne. Sikuwa na la kuongeza. Nilitaka kuwaonyesha Machini, katuni ya dakika kumi hivi ya Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi, ambamo watu wenyewe ni vijiwe vinavyosogezwa kimoja kimoja mpaka vinatembea, na viwanda vinawafukizia moshi. Waliiangalia kimya. Baadaye niliwakuta uani wanasogeza vijiwe. Basi nikanyamaza, nisije nikaharibu.

Filamu moja tu ya Kinshasa ilimfanya Baba asogeze kiti mbele: Félicité ya Alain Gomis, iliyopata Dubu wa Fedha wa majaji pale Berlin mwaka 2017. Ni habari ya mwimbaji wa baa ambaye mwanawe amepata ajali ya pikipiki, naye anazunguka jiji zima kutafuta pesa za upasuaji. Mimi niliguswa na uso wa Véro Tshanda Beya, ambao hauombi huruma hata pale mdomo wake unapoomba fedha. Baba aliguswa na friji. Nyumbani kwa Félicité kuna friji bovu, na fundi, Tabu, mlevi mwenye mwili wa mlango, anakuja kulitengeneza. Linatengenezwa, halitengenezeki. Linaunguruma. Baba alikuwa anazungumza na Tabu kwenye kioo: "Mota ya feni hiyo... si ungeanza na waya..." Mwishoni akatoa hukumu yake: "Wanajua." Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba nzima juu ya upigaji picha wa usiku na muziki wa Kasai Allstars. Nikaimeza.

Mama ana mizani nyingine, nayo ni masikio. Miaka ya kanda na sahani za VCD alikuwa mtu wa Steven Kanumba, mwigizaji wa Tanzania. Kifo chake cha Aprili 2012, kijana wa miaka 28, kilimfanya Mama aende sokoni na kitenge cha msiba kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alipenda kile Kiswahili, Kiswahili bora kama tunavyokiita huku, cha "tafadhali" na "samahani," hata watu wanapogombana. Lakini kilimsumbua pia. Katika filamu moja ya Kibongo mume na mke waligombana, mke akasema liwalo na liwe, twende kwa balozi. Mama akashika kichwa. "Kwa balozi? Na usiku huu?" Ilibidi nimweleze kwamba Tanzania balozi ni kiongozi wa nyumba kumi, mzee wa kusuluhisha, na mwingine ni yule anayeiwakilisha nchi ugenini. Kwetu Katanga balozi ni wachawi, wengi wa mulozi. Mama alifikiri kidogo, akasema labda ndiyo maana Watanzania hawaogopi kitu.

Kwa hiyo nilipomletea Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, filamu iliyopata tuzo ya Sauti Mpya kwenye Un Certain Regard, Cannes, mwaka 2023, jina tu la mwongozaji lilitosha kumfanya akae wima. Baloji, kwa masikio yetu, ni walewale. Ni filamu ya rangi kali na ndoto, na kuna vipande ambavyo hata mimi, mwenye diploma, nilivipita kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Lakini kiini chake Mama alikishika kabla yangu. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mke wake Mzungu mwenye mimba. Ana alama usoni tangu kuzaliwa, na familia ilishamhukumu zamani kwamba ni mtoto mwenye mkosi. Anambeba mtoto mchanga wa dada yake, pua yake inatoka damu, damu inamdondokea mtoto, na hapo kila kitu kinaharibika. Na yule baba aliyekuja kumwona yuko mgodini. Wanamngoja. Haji.

Mimi nilikuwa nawaza juu ya uchawi, ushahidi, ukoloni, mambo ya darasani. Mama akasema: "Ile nyumba haina mulozi. Ile nyumba haina baba." Akamtazama mzee wake, ambaye miaka 32 alilala mchana na kuamka usiku kwa zamu, na ambaye sisi watoto tulimjua zaidi kwa viatu vyake mlangoni. Mzee alikuwa anasinzia. Sijui kama alisinzia kweli.

Filamu niliyoiweka akiba, niliyotaka kuwaonyesha kuliko zote, ni Makala. Emmanuel Gras, Mfaransa, aliipiga hapa hapa, na mwaka 2017 ikachukua tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Hakuna mwigizaji. Kabwita Kasongo, mkulima wa Walemba, anakata mti mkubwa kwa shoka, anaujengea tanuru la udongo, anachoma makala, anapakia kwenye baiskeli na kuisukuma kilomita 50 hivi mpaka Kolwezi, apate pesa ya mabati ya nyumba anayoiota. Ni hayo tu. Ni saa moja na nusu, na sehemu kubwa ni mgongo wa mtu na gurudumu. Kiswahili kinachosemwa humo ni chetu, cha "batu" na "bintu," bila kusafishwa. Nilipoiangalia mara ya kwanza peke yangu, Kolwezi, nilikaa na kioo cheusi muda mrefu. Nina lawama moja tu: kuna muziki wa selo unaolia nyuma yake kila mara, unatuambia tuhuzunike. Gurudumu lilikuwa linalia lenyewe. Lingeachwa.

Hapa hatimaye vichuguu vilikuwepo. Nikamwalika na jirani yetu, kwa makusudi, maana yeye kazi yake ndiyo hiyo. Kinga yake, kama tunavyoiita baiskeli, haina pedeli wala mnyororo, alishaving'oa, ni uzito wa bure. Fremu ameiunga kwa nondo. Kwenye usukani amefunga fimbo ndefu inayotoka pembeni, ndiyo anayoshika akitembea kando, na nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia kwenye mlima. Magunia yanalazwa kukata fremu, mdomo wa kila gunia umerundikwa makala juu yake na kuzibwa kwa majani na kamba iliyosukwa kama wavu, kiasi kwamba gunia linaonekana limevaa kofia. Uzito wote unabaki kwenye mkono mmoja na nyonga. Upande mmoja wa mwili wake umekuwa mnene kuliko mwingine.

Nilimweka kiti cha mbele. Mti ulipoanza kukatwa alitikisa kichwa kwa kukubali: upande aliouchagua yule bwana ulikuwa sawa. Tanuru lilipofukiwa akasema udongo bado, pale patatoka moto. Nikafurahi moyoni, mwalimu mimi, nikaona somo linaenda. Baiskeli ilipoingia barabarani akalala.

Alilala fofofo, kidevu kifuani, malori yakipita na honi, vumbi likimmeza Kabwita, wale watu wa njiani wakimdai chao kabla ya kumruhusu aingie mjini. Alizinduka kwenye maombi ya mwisho, kanisani, akatazama kidogo, akajifuta mdomo.

"Mwalimu," akasema, "haiko filme hii. Iko kazi." Halafu kwa adabu sana, maana alikuwa mgeni wa watu: "Hamuna ya Bachina?"

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima juu ya kipimo cha Baba, kwamba filamu inapimwa kwa kazi iliyomo, kama mikono inakijua chombo ilichoshika. Na sasa mwenye mikono yenyewe amelala kwenye filamu inayoijua kazi yake kuliko zote duniani. Nikamtazama Baba anisaidie. Baba akasema, "Muwekee. Kesho anaamka saa kumi."

Ilikuwepo moja mwishoni mwa flashi, The 36th Chamber of Shaolin ya Lau Kar-leung, ya 1978, mwaka uleule wa kichuguu. Wachina halisi tunao barabarani kila siku, juu ya malori ya madini. Hawa wa filamu ndio wanaopaa. Jirani akavuta kiti, na usingizi wote ukamtoka. Watoto wakarudi kutoka uani. Ngumi, mateke, kila mtu anajua. Kisha kikaja kile kipande ambacho Gordon Liu, kijana aliyekimbilia hekaluni, anapewa ndoo mbili za maji azipandishe mlimani. Hapewi mti wa kuzitundikia begani. Mikono lazima iwe imenyooka pembeni, na chini ya kila mkono amefungiwa kisu: akichoka akaushusha, kisu kinamwingia mbavuni.

Jirani akaacha kucheka. Aliinama mbele, viwiko kwenye magoti. Yule kijana akapanda, akatetemeka, maji yakamwagika, akashuka, akaanza upya.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Safari hii hakuangalia visu wala ndoo. Alikuwa anaangalia nyayo, jinsi kijana anavyotanguliza vidole kwenye udongo kabla ya kuuamini kwa kisigino.

"Rudisha tena, mwalimu."

Betri ilikuwa asilimia 11. Nikarudisha. Mikono yake yeye mwenyewe ilikuwa imeanza kuinuka kutoka kwenye magoti, polepole, wa kulia juu kidogo kuliko wa kushoto.

"Uyu," akasema, "anayua kubeba."